Devon, nchi ya nyumba za udongo

Msomaji anayedhani kwamba Ulaya yote imejengwa kwa mawe na chuma, na atusindikize leo mpaka Devon. Ni jimbo la kusini-magharibi ya Uingereza, lenye bahari upande wa kaskazini na bahari tena upande wa kusini, na ndani yake nyika ya juu yenye mawe ya itale, iitwayo Dartmoor. Kutoka London, garimoshi liendalo Exeter, mji mkuu wa jimbo, lachukua saa mbili na zaidi kidogo. Ukishuka hapo na kushika njia ya Crediton, utaona mashamba yaliyolimwa upya, na udongo wake ni mwekundu kama ule wa Katanga. Sisi tuliuona mwezi wa tatu, mvua ikinyesha, na magurudumu ya gari yakatoka humo yamepakwa rangi tuliyoizoea tangu utoto wetu.

Kwa udongo huo wenyeji walijenga nyumba zao muda wa karne nyingi. Waliuchimba chini ya tabaka ya juu yenye rutuba, wakautia maji na majani makavu ya ngano, wakaukanyaga kwa miguu yao au kwa kwato za ng'ombe mpaka ukashikamana. Kisha waliupandisha juu ya msingi wa mawe kwa uma za shambani, tabaka baada ya tabaka, wakingoja kila moja ikauke kabla ya kuweka nyingine. Hawakutumia fito wala kamba kama sisi. Udongo wenyewe ndio ukuta, na unene wake hufika sentimeta 60 na kupita. Juu waliezeka kwa mabua ya ngano. Nyumba ya Hayes Barton, karibu na kijiji cha East Budleigh, alimozaliwa baharia Walter Raleigh katika karne ya 16, ilijengwa hivyo, nayo ingali imesimama. Basi wale wanaoona haya kwa sababu baba zao walilala katika nyumba za udongo, na waende wakaitazame.

Watu wa Devon husema kwamba nyumba ya udongo haitaki ila kofia nzuri na viatu vizuri. Kofia ni paa lenye kutokeza mbali, viatu ni ule msingi wa mawe. Kati ya kofia na viatu ukuta huvuta unyevu kidogo na kuutoa tena, kana kwamba unapumua, kwa maana wazee waliupaka chokaa tu, na chokaa huachilia mvuke upite. Lakini katika karne ya 20 mafundi wengi walileta sementi. Waliona nyufa ndogo, wakadhani wanaipa nyumba nguvu, wakaifunika kuta zote kwa lipu ngumu. Sementi ikapasuka mahali padogo, mvua ikaingia kwa ufa, isipate njia ya kutokea. Udongo wa ndani ukalowa pole pole mwaka hata mwaka, na nje nyumba ilikuwa nyeupe na safi. Ukuta wa namna hiyo ukishiba maji kule chini, huweza kuinama na kuanguka ghafula, wala hautoi habari siku nyingi mbele.

Jambo hilo ndilo lililotupeleka huko. Mtu mmoja na mkewe, wenzetu wa Kivu, wamekaa Exeter miaka kumi na mmoja katika nyumba ya kupanga. Mume ni dereva wa basi, mke ni muuguzi, nao wana watoto watatu. Walikuwa wamepata nyumba ya kale katika kijiji kimoja nyuma ya Crediton: kuta nyeupe, paa la majani, mawaridi mlangoni, na shamba dogo la kutosha mihogo, kama mihogo ingeota katika baridi ile. Akiba yao yote ilikuwa tayari kutoka benki. Dalali alikuwa akiwahimiza kila siku kwa simu. Palibaki shauri moja tu, nalo lilikuwa limeleta maneno kati yao: je, wamwite mkaguzi wa majengo?

«Mama, alisema mume, mtu huyu ataka pauni elfu na zaidi ili atuambie yale tunayoyaona kwa macho yetu. Na benki imekwisha kutuma mtu wake, naye hakukataa nyumba.»

«Baba watoto, akajibu mke, sisi twaona maua ya mlangoni. Yeye ataona nini, hatujui. Mwulize Mwalimu.»

Mwalimu hakuwa fundi wa majengo, lakini Kilatini kidogo anacho. Sheria ya Uingereza juu ya kununua nyumba ingali inakaa juu ya maneno mawili ya kale, caveat emptor, maana yake mnunuzi na ajihadhari. Mwuzaji akiulizwa hana ruhusa ya kusema uwongo. Lakini halazimishwi kuja mwenyewe kukuonyesha boriti iliyooza. Tena yule mtu wa benki hakutumwa kwa ajili ya mnunuzi. Alitumwa kutazama kama nyumba yatosha kuwa rehani ya mkopo, na mara nyingi hupita mle kwa nusu saa tu. Habari ya nyumba moja ya mji wa Norwich yajulikana sana kwa wanasheria wa huko. Mwanamke aliinunua kwa kutegemea karatasi ya mtu wa mkopo, isemayo kwamba hakuna matengenezo makubwa ya lazima. Kumbe chini watu wa zamani walikuwa wamebomoa kuta za dohani, na matofali ya juu yameachwa darini bila nguzo. Yakaanguka yakapasua dari. Mwaka 1989 House of Lords, iliyokuwa wakati ule baraza kuu la hukumu, ilimpa haki yule mwanamke. Sisi twaona heri kutofika kwa mahakimu, hata kwa kushinda.

Mume alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Basi aitwe. Lakini nitakuwapo, nione kazi ya fedha yangu.»

Waingereza wana chama cha watu wa kazi hiyo, Royal Institution of Chartered Surveyors, kilichoanzishwa mwaka 1868 na kupewa hati ya kifalme mwaka 1881. Ukaguzi wao una daraja tatu. Ya kwanza na ya pili zafaa nyumba za siku hizi zilizojengwa kwa namna ya kawaida. Ya tatu ndiyo ya nyumba za kale, zilizogeuzwa-geuzwa, au zilizojengwa kwa vitu visivyo vya kawaida. Tena si kila mkaguzi ajuaye udongo. Mke alikuwa na busara ya kuuliza hivi kwa simu: «Bwana, umekagua nyumba ngapi za udongo?» Wawili wa kwanza walijibu kwa maneno mengi. Wa tatu alitaja vijiji, naye ndiye aliyeitwa.

Alifika saa tatu ya asubuhi, mzee mwembamba mwenye viatu vya shambani. Tulidhani ataingia ndani. Hakuingia. Alivuka barabara, akasimama chini ya mti, akaitazama nyumba kwa darubini muda wa robo saa, mstari wa paa kwanza, maana paa likipinda katikati, jambo fulani chini yake limekwisha kusogea. Kisha akatazama nyumba za jirani: ya kushoto ilikuwa na nyufa namna gani, ya kulia maji yake ya mvua yaenda wapi. Ndipo akazunguka kuta akizigonga kwa mpini wa bisibisi. Mahali pengi sauti ilikuwa nzito. Upande wa kaskazini, karibu na chini, ikawa kama ya ngoma.

«Njoo usikie», akamwambia dereva wetu, akampa ile bisibisi. Naye akagonga, akasikia. Lipu ya sementi ilikuwa imeachana na ukuta. Tena mzee akatuonyesha jambo ambalo sote tuliopita pale hatukuliona: kwa miaka mingi watu walikuwa wameongeza kokoto na udongo katika njia ya nje, hata ardhi ya nje ikapanda juu ya sakafu ya ndani kadiri ya sentimeta 30. Viatu vya nyumba vilikuwa vimefukiwa.

Ndani, nyuma ya kabati kubwa lililosimama pale pale, rangi ya ukuta ilikuwa mpya kwa kimo cha magoti, na ya zamani kwenda juu. Alikuwa na chombo cha umeme cha kupimia unyevu, lakini alikitumia kidogo, akasema kwamba kimetengenezwa kwa kupima mbao, na juu ya udongo huweza kudanganya. Ajuaye ukuta wa udongo huamini zaidi pua, mkono na macho. Tulipenda neno hilo kwa mtu wa vyombo.

Darini alikaa muda mrefu kuliko mahali pote. Boriti za mwaloni zilikuwa na matundu ya mdudu ambaye Waingereza humwita saa ya mauti, kwa sababu hugonga kichwa chake ndani ya mti, na zamani watu waliokesha kwa mgonjwa walimsikia usiku. Matundu yake ni ya milimeta tatu hivi. Matundu si hoja, alisema, katika mti wa miaka mia tatu. Kinachotafutwa ni unga mpya chini yake. Akapata unga kidogo, pale paa lilipovuja karibu na dohani, mahali pengine hapana. Kisha akamulika taa juu kabisa, akatuita tupande ngazi mmoja mmoja. Majani ya tabaka ya ndani yalikuwa meusi ti. Zamani sana, kabla dohani haijajengwa, moto uliwashwa katikati ya chumba na moshi ukapanda kutoka kwa majani, kama katika nyumba ya bibi yetu. Devon ina mapaa machache ya namna hiyo, yaliyobaki tangu nyakati za kati, na wataalamu huyathamini sana. Dereva alicheka: «Kumbe masizi ni mali!» Ndiyo, tena mali yenye sheria. Nyumba iliyo katika orodha ya majengo ya kale, orodha iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1947, haibadilishwi bila ruhusa. Na kama mwenye zamani alibomoa au kuongeza pasipo ruhusa, serikali yaweza kumwagiza mwenye mpya arudishe.

Habari za maji machafu tutazisema kwa ufupi. Kijiji hakina mabomba ya serikali. Shimo lilikuwa la zamani, na maji yake yalikwenda moja kwa moja katika kijito, jambo ambalo sheria ya Uingereza hairuhusu tangu mwezi wa kwanza 2020. Tena mkaguzi alishauri kupima gesi ya radoni muda wa miezi mitatu. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo hutoka katika miamba yenye uraniamu kidogo, kama itale ya Devon. Sisi watu wa nchi yenye Shinkolobwe hatuwezi kulidharau neno hilo.

Aliondoka saa tisa. Baada ya siku nane ilikuja taarifa ya kurasa 64 pamoja na picha. Haikusema «nunueni» wala «msinunue». Tena ilikiri wazi mipaka yake, kwa maana mkaguzi hana ruhusa ya kung'oa mbao za sakafu wala kutoboa kuta za mtu. Ilipanga mambo kwa uzito: ukuta wa kaskazini na shimo yangojea watu wa kazi hiyo kabla ya sahihi yo yote, boriti na paa ndani ya miaka michache, mengine ni desturi ya nyumba ya kale. Mhandisi akaja akatoa udongo kidogo wa ukuta, akaupima: ulikuwa umelowa, lakini haujawa uji.

Usiku ule mume na mke walikaa mezani mpaka saa sita, taarifa ikiwa kati yao. Katika Uingereza neno la mdomo halimfungi mnunuzi kabla ya mikataba kubadilishana, na kwa hiyo mlango wa kutoka ulikuwa wazi bado. Mume sasa ndiye aliyetaka kutoka. «Mama, nyumba hii inakunywa maji.»

«Inakunywa, nimesoma. Nimesoma pia kwamba yaweza kukaushwa, na gharama yake ni hii. Tuwape bei yetu. Wakikataa, tutaondoka bila deni.»

Walipunguza pauni 31,000, kwa hesabu za mafundi watatu, na nakala za hesabu wakazifunga pamoja na barua. Dalali alikasirika. Mwuzaji, mzee aliyezaliwa katika nyumba ile, alinyamaza majuma matano. Kisha akakubali 24,000, akaongeza kwamba lipu ya kaskazini ilipigwa na baba yake, na kwamba mama yake hakuipenda.

Sementi ya upande ule imekwisha kutolewa, si kwa siku moja, kwa maana ukuta ulioshiba maji huweza kuanguka ukivuliwa haraka, bali kipande kwa kipande, na magogo yameutegemeza. Njia ya nje imechimbwa mpaka mawe ya msingi yakaonekana. Udongo ulio wazi ni mwekundu, na ndani yake bado waona mabua ya ngano, makavu juu, meusi chini. Fundi wa chokaa amekataa kuanza kabla ya mwezi wa tano, baridi ikiisha. Jamaa wangali katika nyumba ya kupanga Exeter, wakilipa kodi mbili, na kila Jumamosi baba huenda na mtoto mkubwa kuugonga ukuta.