Kabla ya Kumlaumu Mtoto, Kagua Mawimbi



Ndugu wasomaji, katika majumba yetu kimeingia kijisanduku kisichozidi kiganja cha mkono. Hakihitaji dishi wala antena juu ya paa. Huvuta picha na sauti kutoka kwenye intaneti kwa mawimbi ya waifai na kuzionyesha katika runinga. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analogi mwaka 2015 tulizoea ving'amuzi, na sasa vijisanduku hivi navyo vimepata nafasi yao sebuleni. Kwa mzee asiyeweza kutoka ni dirisha la kuutazamia ulimwengu. Kwa hiyo kinaponyamaza, mara nyingi ugomvi hutangulia kuingia nyumbani kabla ya fundi.

Ugomvi wa namna hiyo niliukuta Burat, jirani na mji wa Isiolo, nilipokwenda kumzuru dada yangu aliyeolewa huko. Anaishi na mama mkwe wake, bibi mtu mzima aliyevunjika nyonga, ambaye siku zake hupita baina ya kitanda na kiti. Kwa kuwa saa ya Makka na saa yetu ni moja, bibi huyo alikuwa na ada ya kutazama kila usiku Sala ya Isha ikitangazwa moja kwa moja kutoka Masjid al-Haram. Ilikuwa wiki ya pili sasa hakuiona. Picha iliganda, kiduara kikazunguka, kisha maandishi yakasema kwamba hakuna mtandao.

Lawama zote zilimwangukia mpwa wangu wa miaka 13, kwa sababu yeye ndiye mwenye kushika rimoti. Ilisemwa kwamba amemaliza bando kwa michezo, na kwamba amebadilisha neno la siri. Baba yake alimnyang'anya simu na hakusema naye ila kwa ukali. Kijana akawa anakula peke yake. Wakati huo huo mbuzi wawili walikwisha tengwa ili wapelekwe mnadani, kinunuliwe kisanduku kipya.

Sisi tuliosomea fiqhi tumefundishwa kwamba yakini haiondolewi na shaka. Asili ya mtu ni kutokuwa na hatia mpaka ithibiti. Nikamwambia shemeji, "Tusimhukumu mtoto kabla ya kuuliza mashahidi." Mashahidi wa jambo hili ni watatu: intaneti inayotoka nje hadi kwenye ruta, mawimbi yanayotoka kwenye ruta hadi kwenye kisanduku, na kisanduku chenyewe. Kila mmoja aulizwe peke yake.

Tulianza na wa kwanza. Dada alichukua simu yake, akazima data ya laini ili ibaki waifai tupu, akasimama karibu na ruta. Video ilicheza bila kukatika. Basi intaneti ilikuwa ikifika na bando lilikuwapo. Na kwa kuwa simu iliingia kwa neno la siri lile lile la zamani, ilidhihirika kwamba halikubadilishwa. Tuhuma mbili zilianguka kwa kipimo cha dakika moja.

Kisha alikwenda na simu ile ile kusimama kando ya runinga. Vistari vya mawimbi vikashuka hadi kimoja, na video ikasita. Shahidi wa pili alikuwa amesema: mawimbi hayakuwa yakifika pale. Tukauliza ruta imewekwa wapi. Ilihamishiwa chumba cha kulala, nyuma ya kabati la chuma, ili kuiepusha na vumbi la Burat na mikono ya watoto wadogo. Baina ya chumba hicho na sebule pana ukuta wa mabati, uliotiwa nyumba ilipoongezwa. Chuma na bati hurudisha mawimbi ya redio kama kioo kinavyorudisha mwanga. Zaidi ya hayo, kisanduku chenyewe kilikuwa kimebanwa mgongoni mwa runinga, ambayo nayo ina vyuma ndani.

Palikuwa na sababu nyingine tena. Ruta nyingi za leo hutoa mawimbi ya namna mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 5 huenda kwa kasi zaidi lakini hudhoofika upesi yakikutana na kuta, ya 2.4 ni ya polepole kidogo, ila hupenya vizuri zaidi na kufika mbali. Kisanduku kilikuwa kimeshika yale ya 5. Wenzangu wa Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa walizingatie hili, kwani kuta zetu za mawe ya matumbawe, zenye unene unaokaribia dhiraa moja, nazo huyameza mawimbi.

Tukaitoa ruta mafichoni na kuiweka sebuleni, juu ya rafu ambayo mtoto haifikii. Haikufunikwa kitambaa, kwa maana hupata joto. Vumbi lake litapanguswa kila wiki. Kisanduku tukakivuta kando ya runinga. Katika mipangilio tukakiamuru kiusahau mtandao wa zamani, tukachagua ule wa 2.4, na neno la siri likaandikwa upya, herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Vistari vikapanda.

Hata hivyo programu ilikataa kufunguka, na hapo ndipo aliposema shahidi wa tatu. Tarehe ya kisanduku ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Umeme ulipokatika kilipoteza saa yake, na uwezo wa kujirekebisha ulikuwa umezimwa. Mitambo ya intaneti hutambuana kwa hati zenye muda maalumu; tarehe ikikosewa, hati nzima huonekana batili. Tukawasha tarehe ya kujirekebisha, tukakizima kisanduku na kukiwasha tena. Usiku ule bibi aliiona Alkaaba.

Shemeji alimwita mwanawe, akamtaka radhi mbele ya bibi yake. Mbuzi walibaki zizini.

Mama zangu na dada zangu, nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu hakuna hata moja linalohitaji fundi mgeni kuingizwa nyumbani wakati wanaume hawapo. Simu moja na subira vinatosha. Anzeni kwa kuzima ruta kwa nusu dakika, kisha muiwashe na kuingoja itulie. Pimeni karibu na ruta, kisha pimeni karibu na runinga. Ikiwa hata pale kwenye ruta hakuna kitu, angalieni salio la bando. Likiwapo, mpigieni simu mtoa huduma na mumweleze mlichokiona. Kama picha hukatika wakati wa kupasha chakula tu, huenda ni tanuri la maikrowevu, kwani nalo hutumia mawimbi yaliyo karibu na yale ya 2.4.

Jueni pia kwamba picha ya ubora wa juu huhitaji kasi ya takriban megabiti 5 kwa sekunde, na inaweza kula kadiri ya gigabaiti 3 kwa saa. Mkipunguza ubora wa picha katika mipangilio, bando hudumu na kukatika hupungua. Neno la siri liandikwe karatasini na litunzwe na mama wa nyumba. Waifai isiachwe wazi, majirani wakaitumia pasi na nyinyi kujua.

Kisanduku kikiharibika hununuliwa kingine. Moyo wa mtoto aliyedhulumiwa kwa dhana hauuzwi sokoni, wala mbuzi wawili hawatoshi kuununua. Upimaji wote tuliofanya haukufika hata nusu saa, nao ndio uliomrudisha kijana kwenye sinia ya pamoja na ndugu zake. Basi tupime kwanza, ndipo tuseme.

Wabillahi tawfiq.