Kishikio Chekundu



Miaka mingi iliyopita tulitumwa Shabunda kuongoza semina ya makatekista. Barabara haikupitika, tukapewa nafasi katika ndege ndogo ya viti vinne, tukaketi mbele, ubavuni mwa rubani. Nyuma yetu kulikuwa na sanduku la vitabu; mfukoni mwetu, masomo 14 ya kutolewa kwa siku tatu.

Uwanja wa Kavumu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kabla ya kuruka, rubani aliongeza nguvu za injini, kisha akavuta polepole kishikio chekundu. Tukamwuliza ni cha kazi gani.

"Kinapunguza petroli inayoingia, Mwalimu."

Tulishtuka. Kupunguza petroli saa ya kupaa, na mlima Kahuzi uko mbele yetu!

Tulipokuwa juu alitueleza. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 15 hivi za hewa ili iungue vema. Kadiri ndege inavyopanda, hewa huwa nyepesi, lakini kabureta haitambui hilo. Huendelea kumimina kana kwamba bado iko bondeni. Ile ziada haiungui. Hupaka buji masizi, hupunguza nguvu, na kupotea pamoja na moshi. Basi rubani hukivuta kishikio taratibu hadi injini ianze kutetemeka, halafu hukirudisha kidogo hadi itulie. Ndege nyingine zina kipimo cha joto la moshi. Yeye alitumia masikio tu. Akikivuta mno wakati injini inafanya kazi kwa nguvu zote, silinda hupata joto la kuziharibu.

Faida yake haikuhitaji maelezo. Injini ile ilikunywa lita 50 hivi kwa saa, na Shabunda hatungepata petroli ya ndege. Ya kurudia ilikuwamo tayari katika matangi. Lita 40 zisizolazimika kubebwa ni karibu kilo 30, uzito wa mtoto wa shule ya msingi.

Kisha, kwa furaha ya mtu anayependa kazi yake, akatusimulia habari za Voyager, ndege iliyojengwa na watu binafsi huko Mojave, Marekani. Mnamo Desemba 1986, Dick Rutan na Jeana Yeager waliizunguka dunia ndani yake kwa siku 9 bila kutua wala kuongezewa petroli. Waliondoka na zaidi ya kilo 3,000. Walirudi na zisizofika 50. Kwa sehemu kubwa ya safari waliizima injini moja kati ya mbili.

Tulipoteremka kuelekea msituni, zaidi ya mita 1,000 chini ya Kavumu, injini ikakohoa. Alikuwa akizungumza kwa redio. Mkono wake ukakisukuma kishikio ndani upesi.

"Hewa imekuwa nzito," alisema. "Sasa inadai petroli yake."

Siku ya kwanza ya semina tulitoa masomo manne, bila kupumzika. Wengine miongoni mwa wasikilizaji wetu walikuwa wametembea siku mbili. Jioni katekista mmoja mzee alitujia, akavua kofia.

"Mwalimu, mnatulisha vizuri. Ila hamtupi nafasi ya kutafuna."

Tuliona haya. Sisi tuliosomea ualimu hatukuwa tumewasikiliza wanafunzi wetu kama rubani yule alivyoisikiliza injini yake. Usiku hatukulala vema. Kesho yake tulitoa somo moja, mfano wa Mpanzi, tukanyamaza. Wakazungumza wao hadi jua likatua. Siku ya tatu vilevile.

Wakati wa kurudi, mama mmoja alikuja uwanjani na mtoto mwenye homa kali. Rubani alipiga hesabu ya petroli na uzito mara mbili, akatutazama. Sanduku la vitabu likabaki Shabunda.

Kavumu, ndege iliposimama, alikivuta kishikio chekundu hadi mwisho, na rafadha ikakoma. Ndivyo injini ile inavyozimwa. Mama akashuka na mtoto wake mgongoni, nasi tukamfuata tukiwa na mfuko wetu. Ndani yake yalikuwamo masomo manane ambayo hatukuyafungua.