Nyumba ya Mungu kwa Wazee Maskini

Katika nchi ya Uingereza, karibu na mji wa Oxford, kuna kijiji kiitwacho Ewelme. Mwaka 1437 mkubwa mmoja wa ufalme, William de la Pole, na mke wake Alice Chaucer, walipata ruhusa ya mfalme Henry VI kujenga hapo nyumba ya wazee maskini. Wakaiita Nyumba ya Mungu. Wazee walikuwa 13, pamoja na mapadri wawili: mmoja wa kuwaangalia, mwingine wa kufundisha watoto wa kijiji bure.

Tutazame namna ilivyojengwa, maana hata matofali yana mafundisho. Nyumba ni za miti na matofali ya kuchoma, nazo zazunguka uwanja mmoja wa pembe nne. Kila mzee alipewa mahali pake, na moto wake wa kuota wakati wa baridi. Hakutupwa pamoja na wengine kama mizigo katika ghala. Lakini milango yaelekea uwanja ule mmoja, wenye baraza pande zote: mzee asipotoka asubuhi, jirani atajua. Tena kanisa liko juu, nyumba ziko chini yake. Basi wakajenga ngazi yenye paa kufika kanisani. Kila siku wazee walipanda kuwaombea waliowajengea, wazima na wafu, wala mvua haikuwapata.

William aliuawa baharini mwaka 1450, na ukubwa wake wote ukaisha. Alice alikufa mwaka 1475, akazikwa kanisani, kando ya kikanisa walimosali wazee wake. Karne iliyofuata wakubwa wa nchi walikataza Misa za kuombea wafu. Lakini nyumba ilibaki, na hata leo wazee wakaa humo.

Na sisi? Husema: Kwetu mzee hana haja ya nyumba ya namna hii, ana watoto. Ni kweli, kama watoto wapo. Lakini vita na kazi za mjini zimewatawanya wengi. Katika shirika letu mzee mmoja aliacha kuja Misa wakati wa mvua. Dominika tatu tuliona nafasi yake tupu, tukasema: Amepoa imani. Dominika ya nne mmoja wetu alikwenda kwake. Alimkuta mzee ameshika rozari, paa linavuja juu ya kitanda, na miguu haiwezi tena kupanda kilima. Tuliona haya. Hakupoa yeye, tulipoa sisi.

Tulitengeneza paa kwa siku mbili. Sasa vijana humshika mkono kila Dominika.

Hatuna mali ya kujenga kama Alice. Lakini mikono ya Wakristu yaweza kuwa ngazi yenye paa. Ndugu, Dominika hii tazameni vizuri: nafasi ya nani ni tupu?