Kompyuta Kuukuu ya Nyumbani: Kukarabati au Kujenga Upya?

Kompyuta si chombo cha ofisini peke yake tena. Imeingia katika nyumba za askari na za raia, na humo huhifadhiwa hesabu za akiba, barua, vyeti vya watoto na picha za baba aliye mbali kikazi. Lakini kompyuta, kama paa la nyumba, huchakaa hata kabla haijavunjika. Mara nyingi kinachotangulia kuchakaa si chuma chake, bali ni mfumo unaoiendesha. Hapo ndipo mwenye nyumba hujikuta katika njia panda: je, aupandishe mfumo wa zamani hatua kwa hatua hadi ufikie toleo jipya, au aufute wote na kuweka mwingine upya?

Mfano mzuri ni Linux. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Juu ya kiini hicho imejengwa mifumo mingi isiyolipiwa, na mmojawapo ni Ubuntu, uliotoka mara ya kwanza Oktoba 2004. Jina hilo si geni masikioni mwa Mwafrika, maana kwa Kiswahili ni utu. Tarakimu za matoleo yake ni tarehe: 18.04 maana yake ni Aprili ya mwaka 2018. Kila baada ya miaka miwili hutolewa toleo la kudumu, ambalo hupata matunzo ya kawaida kwa miaka mitano.

Matunzo ya kawaida ya toleo la 18.04 yalikoma Mei 2023. Siku hiyo kompyuta zenye toleo hilo hazikuzimika. Ziliendelea kuwaka kama kawaida. Lakini matundu mapya yanayogunduliwa na wezi wa mitandao hayazibwi tena, isipokuwa kwa yule aliyejiandikisha kupata matunzo ya ziada. Ni sawasawa na lindo lisilobadilishiwa mlinzi: lango lipo, na mtu amesimama hapo, lakini usingizi umekwisha kumchukua.

Mwalimu mmoja, mke wa sajini, akaaye katika nyumba za kambini, alikuwa na kompyuta ya toleo hilo. Ndani yake mlikuwa na daftari la chama cha akiba cha wanawake thelathini, ambao yeye ndiye mweka hazina wao. Mlikuwa pia na picha za watoto tangu walipozaliwa. Mwanawe wa kiume, aliye shule ya sekondari, alimsihi.

"Mama, niruhusu nifute yote leo. Kesho utaamka na kompyuta mpya."

Baba, kwa simu kutoka kazini mbali, alikataa. "Mama Watoto, iache kama ilivyo. Ikiharibika, fedha za watu utazihesabu kwa kitabu gani?"

Kila mmoja wao alikuwa na haki katika neno lake, na yafaa hoja zao zipimwe.

Aliye na hofu kama ya baba hupenda kupandisha toleo. Njia hiyo huacha mafaili, mipangilio na programu nyingi mahali pake, na mtu huendelea na kazi alipoishia. Lakini Ubuntu hairuki ngazi. Kutoka 18.04 hapana budi kupita 20.04, kisha 22.04, ndipo kufika 24.04. Hizo ni safari tatu, na kila safari hupakua mzigo wake kutoka katika intaneti na kuchukua saa nzima au zaidi. Umeme ukikatika katikati, mfumo waweza kubaki nusu wa kale na nusu mpya, usiweze hata kuwaka. Aidha, programu zilizotoka nje ya ghala la Ubuntu huenda zikakosa nafasi katika toleo jipya. Debian, ambao ndio msingi wa Ubuntu, nao una sharti hilo hilo: kutoka toleo la 11 mtu hupita la 12 kabla ya kufika la 13.

Njia ya kijana ni fupi. Toleo la 24.04 hupakuliwa mara moja, karibu gigabaiti 6, likawekwa katika flashi. Na flashi hiyo moja yaweza kuhudumia nyumba zote za jirani. Tena kompyuta yaweza kuwashwa kutoka katika flashi bila kugusa diski, ili mtu aone kwanza kama skrini, sauti na mtandao vinafanya kazi. Takataka za miaka mingi huondoka. Ila kifutio hakichagui: pamoja na takataka huondoka na hazina.

Yule mama hakuchagua upande. Alisema tu, "Mwanangu, vyombo vitoke nje kwanza, ndipo nyundo iingie."

Kijana alinakili folda ya nyaraka na ile ya picha, akasema amemaliza. Mama akaichukua flashi hadi kwa mwalimu mwenzake, akafungua faili moja baada ya jingine katika kompyuta nyingine. Picha zilikuwapo. Daftari la chama halikuwapo! Miaka yote alikuwa akilihifadhi juu ya uso wa skrini, na mahali hapo ni folda nyingine ambayo kijana hakuigusa. Walirudia kazi. Safari hii walinakili folda nzima ya mtumiaji, pamoja na zile zilizofichwa, ambazo majina yake huanza na nukta. Humo ndimo programu nyingi huweka mipangilio yake. Nakala ya pili iliwekwa katika diski ya nje. Majina thelathini yalipohesabiwa yakatimia, ndipo kijana aliporuhusiwa kufuta. Kurudisha mashine ya kuchapa katika kazi yake kuliwachukua jioni mbili, lakini hakuna shilingi ya mtu iliyopotea.

Basi, msomaji aliye katika njia panda hiyo na ayazingatie haya. Kwanza, nakala ziwe mbili, na zifunguliwe katika kompyuta nyingine. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Pili, aliye nyuma kwa toleo moja, na mfumo wake ni mzima, apandishe. Aliye nyuma kwa matoleo mawili au zaidi, au mfumo wake unachechemea, aweke upya. Tatu, atazame umri wa mashine: toleo la 24.04 linahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4 ili litembee vizuri, na kompyuta za biti 32 hazina tena toleo jipya la Ubuntu. Nne, anayeweka upya aitengee folda ya watumiaji sehemu yake katika diski, ili siku nyingine mfumo uweze kufutwa bila kugusa mali ya nyumba. Hata hivyo nakala bado ni lazima.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema kweli, mradi mwenyewe ajue ilipo.