Asubuhi Dunguni, Bonde la Mto Momba

Ndugu msomaji, ukijaliwa likizo ukafika Tunduma, usiishie kutazama foleni ya malori yangojayo kuvuka kwenda Nakonde. Rudi na barabara kuu hadi Mlowo, kisha ushike njia iteremkayo kaskazini kuelekea Kamsamba. Baridi ya nyanda za juu utaiacha nyuma, na koti lako litakuwa mzigo. Huko chini Mto Momba waelekea Ziwa Rukwa, na kandokando yake ni mpunga.

Nenda mwezi wa Mei, mpunga uivapo, nawe umwombe mwenyeji wako akupandishe dunguni. Dungu, au ulingo, ni kichanja kirefu cha miti ambapo mkulima hukaa kuamia ndege. Usiidharau kazi hiyo kuwa ni ya kitoto, ingawa watoto wengi wamekosa shule kwa ajili yake. Kwelea kwelea mmoja hafikii gramu 30 kwa uzito, naye hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Wakija milioni moja, ni tani 10.

Shida ni saa ya kufika, na hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimekabidhiwa dungu la upande wa mashariki, peke yangu. Mimi nimezoea Dar es Salaam, ambako mwezi huo jua huchomoza kama saa 12:25. Kamsamba iko mbali magharibi. Saa zetu ni zile zile, lakini jua lake hukawia mpaka karibu na saa moja. Niliamka saa 12 kasoro robo, nikachungulia, nikaona giza, nikajifunika tena. Nilipofika shambani ndege walikwisha tua. Mwenyeji wangu hakunigombeza. Alinipa kombeo tu, akageuka kuyatazama masuke yake.

Siku ya pili nikataka kutoka saa 10 usiku. Akanikataza katakata. Viboko hula majani usiku na hurejea mtoni kabla ya mapambazuko, na mtu awakatizaye njia gizani hujitakia msiba. Ngoja, akasema, mpaka uweze kuutofautisha mti na mbingu, kisha usikawie hata kidogo. Siku ile saa 12 na nusu nilikuwa juu ya dungu.

Mwindaji huwahi ili ajifiche. Mwamiaji huwahi ili aonekane. Kundi likikukuta umesimama, unatikisa kamba yenye makopo, mara nyingi hupita. Lakini likikwisha kuonja, kulifukuza ni kulihamishia upande wa pili wa shamba, au kwa jirani, jambo ambalo huleta maneno.

Kufikia saa nne joto huwapeleka ndege vivulini na majini, nawe waweza kushuka unywe uji. Saa 10 alasiri uwe umekwisha panda tena.