Lamu waliponifunza kumtekea nyanya maji

Ukifika Lamu wenyeji watakuelekeza kwenye ngome iliyomalizwa kujengwa mwaka wa 1821, wakuonyeshe milango ya nakshi na punda wanaosukumana na watu vichochoroni. Kaone yote hayo. Mji huo haukutiwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2001 kwa bahati nasibu. Lakini kabla hujarudi jeti kupanda motaboti, omba jambo moja ambalo mgeni mwenye adabu haliombi: omba kuonyeshwa bafu.

Mimi niliomba, nikachekwa. Nilikuwa na sababu yangu, nayo nilikuwa nimeiacha Nairobi, imeketi kwenye kochi sebuleni kwangu, umri miaka 80 na ushei, na ilikuwa haijaoga kwa siku 11.

Huyo ni nyanya yangu, mzaa mama. Tulimtoa Kimilili magoti yalipoanza kumsumbua, tukamleta Umoja, ghorofa ya tatu. Kwake alikuwa mtu safi kupindukia. Kila jioni maji moto yalimwagwa kwenye karai, akajifungia katika bafu la mabati nyuma ya jiko, akatoka visigino vimesuguliwa kwa jiwe na miguu inang'aa mafuta. Ndiye aliyekuwa akitukagua masikio Jumapili kabla ya kwenda kanisani, na ole wako akipata uchafu! Sasa mtu yuyo huyo alikuwa akiniambia kila jioni, "Nitaoga kesho," na kesho ikifika anasema amekwisha kuoga, ilhali taulo ni kavu.

Tulifungua madirisha. Tulinunua vipuliza manukato. Kisha Jumamosi moja, wageni wakiwa njiani, nilimwambia mbele ya watoto, "Nyanya, unanuka. Nenda ukaoge." Hakujibu. Alitazama viganja vyake kama mtu aliyepoteza kitu, kisha akaingia chumbani, akakunja leso zake mbili na kuzitia mkobani pamoja na Biblia. Akasema arudishwe kwake. Siku mbili zilizofuata hakula mezani nasi.

Jumatatu yake kazi ikanipeleka Lamu. Safari ya basi kutoka Mombasa unaijua au umeisimuliwa: Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe barabara inapokoma na bahari kuanza. Njia nzima nilimfikiria yule mzee na mkoba wake.

Kuna nyumba moja ya karne ya 18 mjini humo ambayo Makumbusho ya Taifa imeitengeneza ikarudia hali yake ya zamani. Ingia humo kwanza. Utaona jinsi vyumba vyembamba vinavyofuatana, kila kimoja cha siri zaidi kuliko kilichotangulia: kiwanda kilicho wazi juu, misana miwili, kisha ndani, walikolala wenye nyumba. Wembamba huo si ubahili. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ikifika urefu fulani haiendi zaidi. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi kwamba joto la mchana huchoka kabla ya kupenya.

Kilichonishangaza ni kwamba bafu na choo havikufichwa uani kama kwetu bara. Viko humo humo, hatua chache kutoka kitandani. Mzee anayeamka usiku mara tatu hana safari ya kuvuka ua gizani.

Bafuni mna birika. Sisi wa Nairobi tukisikia birika tunafikiria chai, lakini la Lamu ni tangi lililojengwa ukutani na kusiribwa chokaa, kimo chake karibu na kiuno. Humo maji ya kisima yalimiminwa yakakaa, na mtu aliyachota kwa kata, yaani kifuu cha nazi kilichotiwa mpini mrefu. Chini kabisa, katika sakafu ya birika, mafundi walipachika bakuli la kauri lililoletwa na majahazi kutoka nchi za mbali. Nilidhani ni pambo. Mwelekezi akanieleza kwamba birikani walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na maji yakipungua hadi chini, samaki hao hukimbilia kwenye lile bakuli wasife. Watu waliojenga nyumba hiyo waliwafikiria hata samaki wa bafuni! Nami nilikuwa sijamfikiria nyanya.

Usidhani Lamu yote ingali hivyo. Nyumba nyingi zimetiwa mifereji na shawa. Lakini nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja mtaani Mkomani, na birika la nyumba hiyo bado lilikuwa na maji, kwa ajili ya mtu mmoja tu: mama yake mzazi, bibi mwenye umri unaokaribia wa nyanya yangu. Nilipomwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza mbona Nairobi wamenikondesha hivyo. Nikajua tutaelewana. Jioni hiyo nilimweleza kisa cha nyanya, chote, hata sehemu ile inayoniaibisha. Alisikiliza, kisha akasema, "Kesho Ijumaa. Njoo uone."

Kilichofuata kilichukua muda wa kikombe cha chai. Bibi aliingia bafuni amejifunga leso kifuani, akaketi juu ya kigoda kifupi kilichopigwa na fundi kwa miguu iliyotanuka. Pazia likateremshwa. Binti yake alisimama upande, uso ameuelekeza ukutani, akawa anachota maji na kumpa kata mkononi. Bibi alijimwagia mwenyewe, akajisugua mwenyewe chini ya leso, akataka sabuni, akaipata. Leso haikutoka mwilini hata mara moja. Walikuwa wakizungumza juu ya bei ya samaki. Ilipofika zamu ya mgongo na miguu, bibi alitamka neno moja tu, "Haya," ndipo binti akageuka. Leso kavu ilikuwa tayari. Ya juu ikavishwa kabla ya ya chini kuangushwa.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikichungulia kwa idhini. Baadaye, akijipaka mafuta ya nazi, bibi akaniambia: "Mtoto ndiye huogeshwa, mwanangu. Mtu mzima hutekewa maji."

Nilimuuliza kama huoga hivyo kila siku. Akacheka. Josho kubwa ni Ijumaa na siku nyingine mbili za joto. Siku zilizobaki hutawadha kwa sala zake 5: viganja, kinywa, pua, uso, mikono hadi viwikoni, kichwa kupitishwa maji, masikio, miguu hadi vifundoni. Na kila aendapo choo husafika kwa maji. Akiugua asiweze kugusa maji, dini imemruhusu kutayamamu. Nikahesabu: bibi huyo asiyeoga mwili mzima kila siku hukosha uso na miguu mara nyingi kuliko mimi ninayejisifu kwa shawa ya alfajiri.

Na wataalamu wa afya hawako mbali na bibi. Ngozi ya mzee huwa nyembamba na haitoi mafuta kama zamani. Ukiitia sabuni kali na maji ya moto kila siku, inakauka, inawasha, inapasuka, na vijidudu hupitia hapo. Wazee wengi hutosheka na kuoga mwili mzima mara 2 au 3 kwa juma, mradi kila siku wasafishe uso, makwapa, sehemu za siri na miguu, na kubadili nguo za ndani. Mikunjo ikaushwe vizuri: chini ya matiti, kinenani, katikati ya vidole vya miguu. Meno ya bandia yasuguliwe kila siku na usiku yalale majini, si kinywani. Mwenye kisukari atazamwe nyayo, kwa kuwa kidonda kinaweza kuanza asikisikie; na kwa sababu iyo hiyo, maji yake yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine, yasije yakamchoma.

Kuna jambo jingine ambalo lingeniokoa na aibu ya Jumamosi ile. Pua nayo huzeeka. Mzee anaweza kuwa na harufu na asiijue, wala hakudanganyi akikana. Na mtu aliyekuwa msafi akiacha kuoga ghafla, hiyo ni sababu ya kumpeleka kliniki kabla ya kumkemea. Huenda ni maumivu ya viungo, huenda mkojo unamponyoka naye anaona haya kusema, huenda ni huzuni iliyomlemea au ugonjwa wa usahaulifu unaoanza, anasahau hatua: sabuni kwanza au maji kwanza?

Nilirudi Nairobi Jumanne. Mkoba ulikuwa bado umefungwa. Nikaketi sakafuni karibu na miguu ya nyanya, na kwa mara ya kwanza, msomaji, nikamuuliza: "Kuna nini huko bafuni, nyanya?"

Alinyamaza kitambo. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Maji yanaanguka kutoka juu kama mvua, na hujui kama yatakuja baridi au moto. Kuna waya wa umeme unaoingia ndani ya kile chombo kinachomwaga maji, na tangu lini umeme na maji vikapatana? Kuna kile kizingiti. Mlango wa bafu unatazama sebule, na mkwe wake, yaani mume wangu, huwa ameketi papo hapo akitazama mpira. Atapitaje mbele ya mkwe amejifunga leso tu? Kidole cha tano alikishika bila kusema. Nikangoja.

"Nilianguka," akasema. Ilikuwa wiki yake ya pili kwetu. Vigae vilikuwa na povu, mguu ukateleza, akadaka mfereji na kukaa chini polepole. Alikaa hapo sakafuni hadi alipopata nguvu, akavaa, akatoka, akatuambia maji ni mazuri. Hakutaka tumwone mzigo. Tulikuwa sebuleni wakati huo, mimi na watoto, tukicheka kitu kwenye runinga.

Sitakueleza nilivyojisikia. Nitakueleza tulichonunua. Kigoda cha plastiki kizito chenye miguu mipana, mkeka wa mpira wenye kushika sakafu, na beseni mbili, moja ya maji ya moto na moja ya baridi, mwenyewe achanganye apendavyo. Fundi alikuja akatoboa ukuta na kufunga chuma cha kushikia. Kile cha kutundikia taulo usikitegemee, ndugu yangu, kitang'oka na mzee wako. Kata ya kifuu niliinunua Lamu; ingawa kopo lolote lenye mshikio lingefanya kazi. Sabuni ya kufulia aliyozoea tumeibadilisha kwa ya kuogea isiyo kali, na kwa hilo angali ananilaumu kwamba haina nguvu. Mafuta anajipaka akiwa ameketi kitandani, na soksi huvaliwa kabla ya kusimama, kwa sababu nyayo zenye mafuta juu ya vigae ni ajali nyingine inayosubiri.

Saa ilibadilika pia. Nairobi mwezi wa Julai si Lamu, na mwili wa mzee hauhifadhi joto kama wetu. Tulikuwa tukimsukuma bafuni saa mbili usiku, ndipo sote tuko nyumbani. Sasa huoga saa saba mchana, jua likiwa limepasha joto kile chumba, mume wangu akiwa kazini. Siku ambazo sipo, msichana wa kazi humtekea. Nilimfundisha kutazama ukuta. Wiki ambayo mifereji ya mtaa inakauka, na wasomaji wa Eastlands mnajua ninachosema, mtungi mmoja wa lita 20 huwekwa kando na hakuna anayeruhusiwa kuugusa kwa kupiga deki.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia zao na ya serikali. Nilipokisoma zamani nilifikiria mashamba na pesa za malipo ya uzeeni. Sikufikiria pazia la bafu.

Siku ya kwanza nilimsimulia kuhusu birika nikiwa nimeutazama ukuta, maji yakimwagika nyuma yangu. Nilipofika kwenye samaki alisita.

"Wanaoga na samaki?"

"Samaki wako birikani, nyanya. Wanakula viluwiluwi."

"Na sabuni je? Haiwaui?"

"Huchotwa maji, halafu mtu huogea kando. Sabuni hairudi birikani."

Akatafakari. "Hao ni watu," akasema, nami nikajua ni sifa. Kisha kimya, kisha sauti ya jiwe likisugua kisigino; lilikuwa limetoka katika ule mkoba, limeviringishwa ndani ya leso, likingoja safari ya kurudi Kimilili.

"Haya," akasema. "Mgongo."

Nikageuka.