Furere Apewa Alama Tatu

Leo nataka kuwaeleza habari ya mashindano ya dansi niliyoyatazama katika televisheni. Labda mtastaajabu na kusema, "Furere na dansi, wapi na wapi?" Ngojeni kidogo. Habari hii inanihusu mimi mwenyewe, tena inamhusu kijana mmoja wa shule yetu huku Masisi. Na kwanza sharti niwaambie kosa langu.

Mwezi wa Septemba mwaka 2019, Serikali ya Kongo iliondoa karo katika shule za msingi za serikali, pamoja na shule za misheni zilizopatana na Serikali. Asubuhi ya kwanza shule yetu ilijaa hata milangoni. Benchi la watoto watatu likakaliwa na sita. Wengi waliokuja walikuwa wakubwa. Miaka iliyopita wazazi wao walikosa fedha, au vita viliwakimbiza kutoka kilima hiki mpaka kile. Mmoja wao alikuwa na miaka 15. Alipata nafasi katika darasa la tatu. Magoti yake hayakuweza kuingia chini ya dawati, basi alikaa upande, karibu na ukuta.

Siku moja nilimwita asome mbele ya wenzake. Alishika kitabu kwa mikono miwili. Kidole chake kilipita juu ya herufi polepole, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Alisoma neno la kwanza, akakwama katika la pili. Watoto wakaanza kucheka chini kwa chini. Ilinipasa kuwanyamazisha. Lakini mimi nilisema, "Kumbe ndevu zimefika kabla ya kusoma!" Darasa zima likaangua kicheko. Kijana yule alifunga kitabu, akakiweka mezani taratibu, akarudi mahali pake. Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja. Nami nikajidanganya moyoni, nikasema, "Atarudi mwenyewe."

Mwezi wa Desemba nilishuka Goma kwa njia ya Sake kununua chaki na madaftari. Nililala katika nyumba ya mapadri. Jioni, mgeni mmoja aliunganisha kompyuta yake na televisheni ya sebuleni, akatuonyesha mashindano ya dansi ya Ufaransa, yaitwayo Danse avec les stars. Mashindano ya namna hii yalianza Uingereza mwaka 2004, kwa jina la Strictly Come Dancing. Yakafika Ufaransa mwaka 2011, na sasa yameigwa katika nchi zaidi ya hamsini.

Desturi yake ni hii. Huchaguliwa watu wenye sifa kubwa: mwimbaji, mchezaji wa sinema, mwanamichezo, mtangazaji wa habari. Wengi wao hawakujifunza dansi. Kila mmoja hupewa mwalimu aliye hodari wa kucheza. Wanafanya mazoezi pamoja, kisha juma kwa juma wanacheza mbele ya watu: leo walsi, mara nyingine tango, au rumba. Waamuzi hutazama miguu, mabega na mikono, tena hutazama kama wachezaji wanafuata muziki. Halafu kila mwamuzi huinua kibao chenye hesabu, mpaka kumi. Watazamaji nao hupiga kura. Yule ambaye hakufaulu anatoka, na wengine wanaendelea, mpaka abaki mshindi.

Walipocheza rumba, padri mmoja mzee aliyeketi karibu nami alipiga goti lake kwa mkono. "Hiyo siyo rumba!" alisema. "Rumba ni ya kwetu!" Alikuwa na haki kwa sehemu. Zamani watu wengi wa Kongo walichukuliwa utumwani, wakavushwa bahari mpaka Kuba. Walikwenda bila mali, lakini ngoma zao zilikuwa katika miili yao. Miaka mingi baadaye nyimbo za Kuba zilirudi Kongo katika sahani za santuri, na vijana wa Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, wakazisikiliza na kujifunza. Ndivyo ilivyozaliwa rumba yetu, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa watu wote. Mnaona? Wana wa nchi iliyotoa mbegu walikubali kuwa wanafunzi wa wimbo uliotoka ng'ambo.

Tuliendelea kutazama. Huonyeshwa pia mazoezi, nayo ndiyo yaliyonivuta zaidi. Pale mtu mwenye sifa husahau hatua, hukanyaga mguu wa mwalimu wake, huanza tena. Padri mzee alicheka kila mtu alipokosea, nami nikacheka pamoja naye.

Kisha akaingia mtu mmoja, jina lake Sami El Gueddari. Huyu ni mwogeleaji wa Ufaransa, aliyeshiriki katika michezo ya Paralimpiki, yaani michezo mikuu ya watu wenye ulemavu. Tangu kuzaliwa alikosa mguu mmoja kamili, hutembea kwa mguu wa bandia. Mwalimu wake alikuwa Fauve Hautot. Watu wanaokwenda kwa miguu miwili hutetemeka mbele ya waamuzi; yeye alikuja na mguu wake wa bandia, akaanza kujifunza kama mtoto wa darasa la kwanza. Tena mwezi wa Novemba mwaka ule ule wa 2019 ndiye aliyeshinda.

Pale kicheko kilinitoka kinywani. Nilimkumbuka kijana wangu karibu na ukuta. Yeye naye alikuja mbele ya watu kujifunza jambo asilolijua. Nani alimwinulia kibao? Mimi. Na juu ya kibao changu niliandika nini? Dharau.

Mkiniuliza mawazo yangu juu ya mashindano yale, nitawajibu hivi. Jambo moja halinipendezi. Wako watu wanaotazama kwa kutaka kumcheka asiyeweza, na wako wanaopiga kura kwa ajili ya sura au sifa tu. Mwaka 2008, huko Uingereza, mwandishi wa habari mmoja aitwaye John Sergeant alikuwa akicheza vibaya. Waamuzi walimpa alama chache, lakini watazamaji walimpenda, wakamwokoa kila juma. Mwishoni yeye mwenyewe alijitoa, kwa maana aliona kwamba ingewezekana ashinde, wala hakutaka jambo hilo. Mimi namsifu. Tuzo usiyoistahili ni kama koti la kuazima: linakuvika leo, na kesho mwenyewe atalidai.

Lakini jambo jingine lanipendeza sana. Mtu aliye mkubwa katika kazi yake anakubali kuwa mdogo katika kazi ya mwingine. Anasahihishwa mbele ya watu wengi, naye harudi nyumbani kwa hasira. Na mwamuzi mwema husema, "Mguu wako umechelewa." Hasemi, "Wewe ni mtu wa kuchelewa." Kosa liko katika mguu, wala si katika mtu. Maneno hayo mawili yako mbali kama Masisi na bahari.

Usiku ule sikulala upesi. Nilikumbuka hadithi aliyonisimulia nyanya yangu huko Walikale nilikozaliwa. Sisi Wanyanga tuna hadithi ya shujaa Mwindo, mwana wa Shemwindo. Msimulizi wake haketi tu na kusema. Huimba na kucheza pia. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliisimulia kwa siku kumi na mbili, na mwaka 1969 ikatoka katika kitabu kwa kazi ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Mwindo alizaliwa akitembea na kusema, akajisifu kuliko watu wote. Lakini baada ya kuliua joka, Nkuba, yaani Umeme, alimpandisha juu mbinguni. Huko Mwindo aliteswa na baridi, mvua na jua, akafundishwa. Shujaa aliyezaliwa akijua kila kitu alikuwa mwanafunzi katika uzee wa sifa zake. Aliporudi ndipo alipoweza kuwatawala watu vizuri. Mimi nilikuwa nimesoma seminarini miaka mingi, Kilatini na mengine, lakini fundisho hili la nyanya yangu nilikuwa nimelisahau.

Niliporudi Masisi sikwenda kwanza shuleni. Nilipanda kilimani nyumbani kwa kijana yule. Nilimkuta akifunga bidoni za maziwa kwa kamba, apeleke sokoni. Mama yake aliniletea kiti. Nilisimama, nikasema, "Mwanangu, nilikukosea mbele ya wenzako. Nisamehe. Urudi shuleni."

Alitazama chini, akaendelea kufunga kamba. Baadaye akajibu, "Nimekusamehe, Furere. Lakini kurudi ni vigumu. Wewe hujui kuchekwa."

Mama yake alishtuka. "Usimjibu Furere hivyo!" alisema.

"Mwache, Mama," nikasema, "amesema kweli." Kisha nikamwuliza kijana, "Wewe wajua nini nisichokijua mimi?"

Alifikiri kidogo. "Ngoma yetu ya Wahunde," alijibu.

"Basi, nifundishe. Siku ya sikukuu ya shule nitaicheza mbele ya wote. Nao watacheka."

Kwa mara ya kwanza aliniangalia usoni. Akacheka yeye wa kwanza.

Alinifundisha jioni sita, nyuma ya ghala la maharagwe. Nilikuwa na miaka inayokaribia arobaini, na magoti yangu yalizoea kupiga magoti, wala si kucheza. Alinionyesha jinsi ya kuacha mabega yaende na ngoma, na jinsi ya kukanyaga chini bila kutazama chini. Nilipokosea, hakunicheka. Alisema tu, "Tena, Furere. Mguu umetangulia ngoma." Nilitamani ningalimfundisha kusoma kwa maneno ya namna ile.

Mwezi wa Februari mwaka 2020 ikafika sikukuu. Wapiga ngoma walianza, nami nikaingia uwanjani. Wanafunzi wangu, nawaambieni kweli: masikio yangu yaliwaka moto. Watoto walicheka mpaka wengine wakaanguka majanini. Wazazi walificha vinywa vyao. Nilisahau hatua ya tatu, nikazunguka upande usiofaa. Mahali pale, kati ya kicheko cha watu mia tano, nilijua jinsi kijana yule alivyosimama na kitabu chake. Nilitaka kukimbia. Lakini nilimwona karibu na ngoma, anatikisa kichwa kunionyesha kipimo, na midomo yake inasema, "Tena." Nikacheza tena mpaka mwisho.

Ndipo nilipomwita mbele. Nilimpa ubao mdogo wa kuandikia na kipande cha chaki. "Mwalimu wangu," nilisema, "nipe alama, juu ya kumi."

Alishika chaki kwa mikono miwili, kama siku ile ya kitabu. Akaandika kwa makini, akainua ubao juu. Alama tatu.

Uwanja mzima ulipiga makofi. Jumatatu iliyofuata alikuwa darasani, karibu na ukuta wake. Aliposoma tena, alikwama tena katika neno la pili. Mtoto mmoja mdogo aliyeketi mbele yake akageuka, akasema taratibu, "Tena." Hakuna aliyecheka.

Tangu siku zile nimesikia habari nyingine za mashindano ya Uingereza. Mwaka 2021 alishinda Rose Ayling-Ellis, ambaye ni kiziwi tangu kuzaliwa. Mwaka 2024 alishinda Chris McCausland, ambaye ni kipofu, naye mwalimu wake Dianne Buswell alimfundisha kwa maneno na kwa mkono hatua asizoweza kuziona. Ninapowasimulia wanafunzi wangu habari hizo huuliza, "Aliwezaje?" Nami huwajibu, "Alikubali kuanza, na alimpata mtu wa kumwambia tena."

Kijana wangu alimaliza darasa la sita mwaka 2023. Hakuwa wa kwanza; alikuwa wa kumi na nne. Kabla ya mwaka kwisha, vita vilikaribia kilima chao. Jamaa yake waliacha nyumba, maharagwe na ng'ombe wawili, wakatelemka msituni mpaka upande wa Walikale. Muda mrefu sikupata habari zao, nami niliogopa.

Kisha siku moja dereva wa pikipiki aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa mkubwa, na mistari ilipanda kidogo upande wa kuume. Alisema wote ni wazima, na jioni huwakusanya watoto wa wakimbizi chini ya mti na kuwafundisha herufi. Baadhi yao, aliandika, ni wakubwa kuliko yeye. Nilihesabu makosa matatu ya maandishi, lakini sikuyasahihisha. Chini kabisa aliandika hivi: "Furere, hapa Wanyanga wananifundisha ngoma ya kwenu. Mimi nami naicheza vibaya. Sasa naona ile ngoma yako haikuwa mbaya sana. Nakuongezea alama mbili."

Karatasi ile iko ndani ya kitabu changu cha sala. Nina alama tano juu ya kumi, nami bado najifunza.